Nimelipa siku nzima, mtoto ametumia saa tatu (kutoka na familia, Mombasa)

BabaBiMdogo (mwanzisha uzi)

Salamu zenu. Jambo hili limenikaa kifuani tangu Jumamosi, leo nalitoa.

Mimi mtu wa Likoni. Binti yangu, nyumbani twamwita Bi Mdogo, ana miaka minne, yuko PP1, darasa la awali. Mtoto wa jirani alipelekwa mahali pa bembea na mitelezo ya maji huko upande wa kaskazini, akarudi na hadithi za wiki nzima. Basi wangu kila nikivua viatu mlangoni: "Baba, lini?" Likizo ya Agosti ilipofika nikaona nimalize deni. Mahali penyewe sitapataja. Sina kesi nao, kesi ni yangu mwenyewe.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, Bi Mdogo na mamangu. Mtoto aliamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jogoo na kabla ya adhana, akavaa viatu vyake vipya vya pinki akakaa navyo kitandani. Saa moja tuko kwenye feri. Matatu ya kwanza, matatu ya pili, tuktuk ya kumalizia. Tulifika getini saa nne kasoro, na jua limeshapanda.

Getini nikalipa tiketi za siku nzima, zote nne. Mamangu alisema yeye hapandi kitu, amekuja kukaa tu. Tukaambiwa kukaa nako kuna bei. Kisha begi likafunguliwa: chakula cha nje marufuku. Mahamri yake, aliyoyakanda usiku, yakabaki kwa askari wa geti. Mama akamtazama yule kijana, akauliza kwa upole kabisa, "Mahamri yangu yamekosa nini, mwanangu?" Kijana akainamisha kichwa.

Ndani, Bi Mdogo alikimbilia treni ile ya kupanda na kushuka. Pembeni kuna ubao wenye picha ya twiga, na shingoni mwa twiga mstari mwekundu. Alikuwa amefungwa nywele mafundo mawili utosini. Akajinyoosha, visigino juu. Kijana wa mashine akaweka kiganja juu ya mafundo, akayabonyeza taratibu mpaka kiganja kikafika kwenye kichwa chenyewe. Vidole viwili chini ya mstari. "Lakini mimi mkubwa," akasema. "Mimi niko PP1."

Kilio chake mnaweza kukisikia mkiwa hapo mlipo.

Basi tukaenda kwenye yale ya wadogo: farasi wa kuzunguka mara tano, kidimbwi cha maji ya magotini, mtelezo mfupi ambao aliuteleza mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Hapo alifurahi, siwezi kudanganya. Lakini ilipofika saa saba alikuwa amelala chali kwenye benchi, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni. Mimi nikapiga hesabu: nimelipa mpaka saa kumi na mbili, tumetumia saa tatu. Nikamwamsha.

Ndiyo, nilimwamsha. Nilimpeleka kwenye mashua za kukanyaga. Alilia kutoka benchi hadi mashuani, akalia ndani ya mashua, akamaliza kwa kujitapikia chipsi. Mke wangu hakusema neno, na wenye ndoa mnajua hiyo ni lugha gani. Aliyesema ni mamangu: "Pesa umelipa wewe. Usingizi ni wake."

Tulirudi na mtoto mgongoni na kiatu kimoja. Cha kushoto hakikuonekana.

Sasa nauliza wazazi wenzangu: mtoto wa umri huu mnampeleka wapi, na mnaipangaje siku? Nimeanza kuamini mtoto wa miaka minne ana saa tatu nzuri kwa siku, na mimi zangu nilizimaliza mbili kwenye matatu.

---

MamaWatatu_Kisauni

Pole baba. Mamako apewe kiti hapa uzini, ametusemea sote.

Mimi nina watatu na makosa yako nimeyafanya yote, na zaidi. La kwanza: kutoka asubuhi na mapema ni akili ya mtu mzima. Wewe wawaza foleni, yeye awaza usingizi. Sasa hivi naacha mtoto alale mchana nyumbani kwake, kwenye godoro lake, ndipo natoka baada ya adhuhuri. Saa tisa mpaka saa kumi na mbili, jua limelegea, upepo unakuja kutoka baharini, na mtoto ni mpya. Ukimtoa saa moja asubuhi unamfikisha ameshatumika.

La pili: mpime nyumbani. Chora alama mlangoni, mweleze kabla hamjatoka kwamba kuna vitu vitamkataa. Kilio cha nyumbani ni bure, cha getini umekinunua.

---

Kijana_wa_Buxton

Kwa hiyo mtoto alishiba raha saa tatu, wewe ukaona hazitoshi kwa sababu ya risiti? Bahili ni bahili tu, hata akienda kwenye bembea.

---

BabaBiMdogo

@Kijana_wa_Buxton umeoa? Una mtoto? Umewahi kulipia mtu kukaa?

---

Kijana_wa_Buxton

Sijaoa. Ndiyo maana viatu vyangu vyote viwili viwili.

---

FundiMitambo

Hilo la kipimo niliongelee kidogo, kwa sababu wazazi wengi huwagombeza wale vijana wa mashine bure.

Ule mstari haupimi ukubwa wala umri wala akili. Unapima kama kile chuma cha kushikilia kitakamata mwili. Kinatakiwa kikae juu ya mapaja na nyonga, miguu iguse chini au ifike pale pa kukanyagia, na mgongo uegemee kiti. Mtoto mfupi, chuma kinabaki na nafasi. Mashine ikishuka ghafla kiti kinakwenda chini kabla ya mtoto, naye anachomoka kama sabuni mkononi. Kumkumbatia hakusaidii. Wengi hudhani "nitamshika mimi." Mashine ikikata kona, kilo kumi na tano hazibaki kilo kumi na tano, na mkono wako haukuumbwa kuwa mkanda.

Kwa hiyo yule kijana aliyebonyeza mafundo ya nywele alifanya kazi yake sawasawa. Mwogope yule anayekwambia "leta tu, mwambie ajinyooshe."

Jambo jingine dogo, wasiolijua watalipenda: kwenye farasi wa kuzunguka, yule wa nje hukimbia kuliko wa ndani, maana wote wanamaliza mzunguko kwa wakati mmoja na wa nje ana njia ndefu. Mtoto mwoga mwanzishe wa ndani. Akizoea, mhamishe.

---

Zuhura_wa_Makadara

Haya mambo ya ubao wa twiga yamekuja lini? Sisi tumekulia uwanja wa Makadara siku za Idi. Nguo mpya inakuna shingo, mkono wa Idi, zile hela za sikukuu, umefungwa kwenye leso, unatoka kwa shangazi unaingia kwa mjomba mpaka zitimie za pembea. Pembea zenyewe mbao na chuma, zinasukumwa na vijana kwa mikono, wakipandisha wanakimbia chini yake. Hakuna umeme, hakuna tiketi ya siku. Unalipa mzunguko mmoja, ukitaka tena unatoa tena. Ukimaliza: viazi karai, kachiri za muhogo zenye pilipili na ndimu, mabuyu mpaka ulimi mwekundu, barafu ya ukwaju. Halafu siku ya pili unarudi, na ya tatu.

Na mpaka leo yapo. Mpeleke huyo Bi Mdogo Idi ijayo, baada ya alasiri. Utalipa anachopanda, basi. Akichoka mnarudi nyumbani na hakuna aliyedhulumiwa.

---

MamaWatatu_Kisauni

Zuhura, nami nimepanda hizo pembea na nazipenda. Lakini tuseme kweli: mkanda haukuwepo, na yule kijana anayesukuma alikuwa anamtazama binti wa pembea ya pili. Ndugu yangu ana kovu la kidevuni la Idi ya mwaka gani sijui. Kwa hizi ndogo za kusukumwa polepole, sawa. Kwa zile kubwa, wangu watasubiri.

Umati nao. Jioni ya Idi pale Makadara mkono wa mtoto ukikuponyoka unaona vichwa tu. Mimi humwandikia nambari ya simu kwenye mkono kwa kalamu ya wino, na huwavisha rangi moja wote watatu, ya kupiga kelele.

---

Zuhura_wa_Makadara

Kovu la Idi ni cheti. Lakini hilo la nambari mkononi nimelichukua.

---

Mlinzi_wa_Bwawa

Nimekaa juu ya kile kiti kirefu cha mlinzi miaka sita, kwenye mabwawa ya hoteli za pwani. Ya wazazi nimeyaona. Mniruhusu niseme marefu.

Mtoto anayezama hapigi kelele. Watu wanasubiri "nisaidieni" kama kwenye sinema. Mtoto mdogo anasimama wima majini, kichwa kimerudi nyuma, mdomo uko sawa na maji, mikono inabonyeza chini kama anayepanda ngazi, na haendi popote. Hana pumzi ya kuita, pumzi yote inatafuta hewa. Ukimwona mtoto wako ghafla amenyamaza majini, usifurahi kwamba ametulia. Nenda.

Yale maboya ya mikono ya kupuliza yanadanganya wazazi. Ni ya mchezo. Yanachomoka, yanatoboka, na mtoto akinyanyua mikono juu yeye anashuka katikati yake. Kama hajui kuogelea, kaa karibu kiasi cha kumgusa bila kupiga hatua. Kidimbwi cha magotini kwako ni cha kifuani kwake, na akianguka kifudifudi ni kirefu cha kutosha.

Simu. Nilikuwa nahesabu wazazi waliokaa ukingoni wameinamisha vichwa. Kila mtu anadhani mwenzake anaangalia. Mkiwa watu wazima watatu, mtajeni mmoja kwa jina: "Sasa hivi ni wewe." Baada ya robo saa mbadilishane. Watatu wanaoangalia bila mpango ni sawa na hakuna.

Kuhusu nguo, hili huleta ugomvi getini kila wikendi. Akina mama wanafika na dera au buibui, wanaambiwa hawaingii majini, wanaona wanabaguliwa. Kuna sehemu masharti yana harufu ya dharau, sikatai. Lakini pamba ina sababu yake: inanyonya maji, inakuwa nzito, inakuvuta, nyuzi zake zinaingia kwenye vichujio, na kwenye mtelezo nguo pana inanasa. Siku hizi nguo za kuogelea za kujisitiri, mikono mirefu na suruali, zinauzwa Mombasa na ni za kitambaa kile kile cha nguo nyingine za kuogelea. Pigeni simu kabla ya kwenda, ulizeni wazi, "Hii mnaipokea?" Hata mtoto mvishe ya mikono mirefu. Inamkinga jua kuliko mafuta unayosahau kumpaka mara ya pili.

Na ile harufu kali ya dawa inayochoma macho si dalili ya bwawa safi. Ni klorini iliyokutana na mkojo na jasho. Mpelekeni mtoto chooni kabla, na mkumbuke kumpeleka tena kabla hajaomba.

---

BabaBiMdogo

@Mlinzi_wa_Bwawa nimesoma mara mbili, nimemsomea na mke wangu. Pale kwenye kidimbwi tulikuwa watatu tunamwangalia. Sasa ndio naona hatukuwa hata mmoja.

---

Mtanga_Halisi

Habari za huko jirani. Sisi tuko Tanga, tunataka kuvuka Horohoro kuja Mombasa mwezi wa kumi na mbili na watoto wawili, miaka mitatu na saba. Desemba kunafaa kwa mambo haya?

---

Zuhura_wa_Makadara

Karibuni jamani, lakini Desemba mtatukuta tumejaa. Shule zimefungwa, watu wa bara wote wameshuka na treni, na kaskazi imeanza, joto hilo si la mchezo. Mkija, mambo yenu fanyeni siku za katikati ya wiki, si Jumapili, na siku ya mwaka mpya msitoke kabisa.

---

MamaWatatu_Kisauni

Na hata Agosti wakati wa kusi msidanganyike na mawingu. Tuko digrii nne tu kusini mwa Ikweta. Upepo unakupoza, ngozi inaungua kimya kimya. Wangu wa pili alibabuka mabega siku ambayo sikuona jua.

Wa miaka saba na wa miaka mitatu hawafai siku moja, nakwambia mapema. Mmoja atataka kupanda kila kitu, mwingine atakataliwa kila kitu. Gawaneni: baba na mkubwa, mama na mdogo, mkutane kwenye chakula.

---

Kijana_wa_Buxton

Mbona hakuna anayetaja vya bure? Mpelekeni bustani ya Mama Ngina, pale ukingoni mwa bahari, jioni. Mtoto anakaa chini ya mbuyu na kachiri zake, meli inapita mlango wa Kilindini karibu hivi, kubwa kuliko mtaa, na bei yake ni kachiri. Au ufuo wa umma pale Pirates: ngamia, farasi, tyubu za matairi za kukodi. Sijaoa lakini nina wapwa saba.

---

Mlinzi_wa_Bwawa

Tyubu ya tairi baharini kwa mtoto mdogo, nakuomba usimwambie mtu tena. Upepo ukitoka nchi kavu inakwenda naye. Mchanga, ndoo na mawimbi ya kifundo cha mguu vinamtosha.

---

Kijana_wa_Buxton

Sawa mkuu, tyubu nimezitoa. Meli zibaki?

---

Mlinzi_wa_Bwawa

Meli zibaki.

---

MjukuuWaMtambo

Baba wa Bi Mdogo, mpeleke Haller Park, ile hifadhi ya wanyama pale Bamburi. Twiga wa kweli, wasio na mstari shingoni.

Babu yangu alifanya kazi kiwanda cha saruji cha Bamburi enzi za machimbo. Pale palikuwa shimo tupu la mawe ya matumbawe, yaliyochimbwa kwa ajili ya saruji tangu kiwanda kilipoanza mwaka 1954. Babu alikuwa akisema mchana ukisimama mle ndani uso unaungua kutoka chini, kwa jua linalorudi kwenye mawe. Mwaka 1971 wakamwachia Mswisi mmoja, René Haller, ajaribu kupandisha kitu. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu, na mvinje ukazishinda zote. Tatizo likawa majani yake: yale kama sindano yanaanguka, yanarundikana, hayaozi. Wakaleta majongoo. Majongoo yakala, yakatoa samadi, samadi ikawa udongo. Msitu mnaotembea ndani yake leo umesimama juu ya kinyesi cha jongoo. Waambieni watoto hivyo, watawapenda jongoo maisha yao yote.

Na ndipo alipoletwa Owen, yule kiboko mdogo aliyebaki yatima upande wa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akajiegemeza kwa kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee kama mtoto na mamake. Kobe wakubwa mtawakuta wanatembea njiani kama wenye nyumba.

Sababu hasa ya kukutajia: kulisha twiga ni saa tano na tena saa tisa. Mtoto wako ana saa tatu, sivyo? Fika saa nane na nusu. Twiga, kiboko, jongoo, nyumbani.

---

BabaBiMdogo

*Mrejesho*

Nimerudi wakuu. Tulikwenda Jumamosi iliyopita, wale wale wanne.

Bi Mdogo alilala nyumbani, tukatoka ameshaamka na kula. Feri haikuwa na vurugu. Mamangu alibeba mahamri kwenye begi la mke wangu, chini ya nguo za mtoto. Sikuuliza, hakuniambia.

Tulipofika kwenye jukwaa la twiga, mtoto akasimama chini ya ngazi hapandi. Nikadhani anaogopa. Akamwuliza mfanyakazi wa pale, "Ubao uko wapi?" Yule bwana hakuelewa. Nikamweleza. Akamwambia, "Hapa hakuna ubao, mama. Hapa twiga ndiye anayeinama."

Alipanda ngazi peke yake. Alipewa zile chembe za chakula kiganjani, akanyoosha mkono, macho amefumba. Ulimi ulitoka, mrefu, wa rangi ya zambarau karibu na nyeusi, ukamzunguka vidole vyote vitano. Hakulia. Aliutazama mkono wake unavyometa mate, akageuka, akaufuta taratibu kwenye leso ya nyanyake, ile ya kwenda harusini. Mama akasema, "Haya, na huyo amekula sikukuu."

Jongoo tuliwaona wawili. Kwa kiboko tulisimama dakika tano, akasema ananuka, tukaondoka. Saa kumi na moja kasorobo akaniambia mwenyewe, "Baba, nimechoka." Nilikuwa sijalipia saa yoyote ya ziada, basi nikamwambia twende. Alilala kwenye tuktuk kabla hatujafika barabara kuu. Mke wangu alizungumza njia nzima.

---

MamaWatatu_Kisauni

Alhamdulillahi. Hapo kwenye mke kuzungumza ndipo nimejua safari imefana.

---

FundiMitambo

Mwakani vidole viwili vitakuwa vimetimia. Jiandae na ile treni.

---

Kijana_wa_Buxton

Na kiatu je?

---

BabaBiMdogo

Cha kulia kingalipo mlangoni. Nilitaka kukitupa, mamangu amekataa. Asema mwenzake huenda akarudi.